Ruta ya mbao nyumbani: jinsi ya kuishika isikukimbie

Siku hizi watu wengi wananunua ruta, ile mashine ya mkononi ya kuchonga kingo za mbao, wanaleta nyumbani, wanachomeka kwenye soketi na kuanza kulainisha kona za meza, ila hakuna aliyewaambia kwamba hii mashine haina tabia za drili. Drili inazunguka kama mara 1,000 au 2,000 kwa dakika, ruta inaenda 10,000 mpaka 30,000. Biti, yaani kile kisu kinachozunguka, ikiwa ya upana wa milimita 50 ukaizungusha 22,000, ncha ya jino lake inakimbia kama kilomita 200 kwa saa, na iko sentimita chache tu kutoka kwenye vidole vyako. Ndo maana biti kubwa lazima upunguze spidi, hiyo ya milimita 50 usizidishe 16,000, na kama ruta yako haina kidude cha kupunguza spidi basi biti kubwa achana nazo kabisa.

Kabla ya kugusa biti chomoa plagi. Sio kuzima swichi, chomoa, uone waya uko chini. Halafu ingiza shina la biti mpaka ndani, livute nyuma kidogo milimita 2 au 3 ndo ukaze kwa spana, maana likigusa chini kabisa unaweza kuhisi umekaza kumbe koleti, ile pete inayoshika shina, haijabana vizuri, na mashine ikipata moto na kutikisika biti inaanza kupanda au kushuka yenyewe. Angalia pia saizi, shina la milimita 6 na lile la robo inchi (milimita 6.35) kwa macho yanafanana ila sio kitu kimoja, usilazimishe.

Sasa jambo ambalo ningekushika mkono nikuoneshe kama ungekuwa hapa ni upande wa kusukumia. Ukiitazama kwa juu, biti inazunguka kama mshale wa saa. Kwahiyo ubao ukiwa mezani na wewe umesimama mbele ya ukingo wake, ruta itoke kushoto iende kulia, hapo meno yanakula mti huku yanakupinga na unasikia kabisa mkononi kwamba inakataa kidogo, hiyo ndo dalili nzuri. Ukienda kulia kwenda kushoto meno yanakanyaga ubao kama tairi, mashine inakimbia yenyewe na wewe unaburutwa. Mimi ilinikuta kwenye kipande cha mninga, nilitaka kurudia sehemu iliyobaki na mabaka nikarudi nyuma bila kufikiri, ruta ikaruka kama nusu mita ikachimba shimo kwenye ubao na kusimama karibu na mkono wa kushoto. Hakikunikata kitu ila nilikaa chini mikono inatetemeka, na ule ubao bado ninao.

Ukizunguka ubao wote kwa nje unaenda kinyume na saa, ukiwa ndani ya tundu unaenda na saa. Anza na vichwa vya ubao, pale nyuzi zinapokatika, umalizie na mbavu, zile pande ndefu, ili mwisho wa kichwa ukimeguka ubavu uje ufute. Kama ruta umeifunga chini ya meza kila kitu kinageuka, unasukuma mbao kutoka kulia kwenda kushoto, na usipitishe mbao katikati ya biti na ule ubao wa kuongozea, itarushwa kama mshale.

Usile kina chote mara moja. Kama unataka milimita 9 pita mara 3, hasa kwenye mbao ngumu kama mkongo au mvule. Mashine ikianza kulia sauti nzito au mbao inatoa moshi, unakula sana au biti imeisha makali.

Ubao ubane kwa klampu mbili, usishikiwe na mtoto wala mdogo wako, na wewe shika ruta mikono yote miwili mpaka biti isimame kabisa, ndo uiweke chini. Glavu usivae, zikishikwa na biti zinavuta mkono. Miwani vaa, masikio ziba, na vumbi lisikupite hivihivi, la mvule na mninga linawasha kifua na ngozi, tafuta barakoa ya maana sio kitambaa.

Kingine ambacho kwetu huku ni cha kila wiki: umeme ukikatika katikati ya kazi, watu wanaiacha ruta mezani wanatoka nje kuuliza jirani kama na kwake umekatika. Swichi bado imewashwa, umeme unarudi mashine inaamka peke yake na kuanza kutembea mezani. Zima swichi, chomoa plagi, ndo uende ukaangalie luku.