Somo: Maziwa ya kopo bila kumharishisha mtoto

Nianze na hili ili wakunga wasinirushie mawe. Mtoto hunyonya maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6, kisha huendelea kunyonya huku akila hadi miaka 2 na zaidi. Simwambii mtu aache kunyonyesha. Nazungumza na asiye na namna, kama nilivyokuwa mimi. Mdogo wangu alianzishiwa dawa za saratani mtoto akiwa na wiki 5, daktari akamkataza kunyonyesha, nikaletewa kichanga hapa Mwanga, Kigoma, na kopo moja na chupa mbili. Mama mkubwa nikawa mama tena, na wangu wa mwisho yuko kidato cha pili.

Wiki ya kwanza niliharibu. Nilikuwa nachemsha maji asubuhi, nayaacha yapoe kabisa, nayatia kwenye dumu safi, kisha nachanganyia hayo hayo kutwa nzima. Maji si yamechemka? Mtoto akaharisha siku 3. Muuguzi alinisikiliza mpaka nikamaliza, akauliza: "Na unga nao uliuchemsha?"

Sikuwa na jibu. Nilidhani kopo likiwa limefungwa kiwandani basi ndani hakuna kitu. Kumbe vijidudu haviuawi vyote unga ule unapotengenezwa. Unaweza kuwa na bakteria kama Cronobacter na Salmonella, ambao kwenye unga mkavu wametulia tu. Ukiwapa maji ya vuguvugu wanaanza kuzaana. Maji ya moto wa nyuzi 70 au zaidi ndiyo yanayowaua. Kwa hiyo moto wa maji si wa kuyeyushia unga tu, na ukilielewa hili hatua zote zilizobaki zinajieleza.

Hatua ya 1: vyombo. Nawa mikono kwa sabuni. Osha kila kitu kwa maji ya moto na sabuni, chuchu uipindue nje ndani, maana utelezi wa maziwa hujificha kwenye ncha. Kisha vizamishe vyote kwenye sufuria, kusibaki hewa ndani ya chupa, vichemke dakika 10. Viache humo humo na mfuniko mpaka utakapovihitaji. Sufuria iwe ya kazi hiyo peke yake. Harufu ya samaki kama mgebuka haitoki kwa kuchemshwa, nimejaribu.

Mimi chupa niliziacha mwezi wa pili, nikahamia kikombe kidogo kisicho na kona. Hata Shirika la Afya Duniani husema kikombe ni salama zaidi kwa sababu kinasafishika kirahisi. Majirani walinicheka siku mbili tatu, wakazoea.

Hatua ya 2: maji. Ya bomba, ya kisima, ya ziwa, hata ya chupa za dukani, yote yachemke mpaka yatokote. Ziwa letu, Tanganyika, linadanganya. Unasimama Kibirizi unaona kokoto chini, unasema haya ni maji ya kunywa. Lakini mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, ufukweni kabisa mwa ziwa hili hili, kati ya wakimbizi waliotoka Burundi.

Chemsha lita 1 hata kama unahitaji kikombe kimoja, kwa sababu maji kidogo hupoa upesi. Epua, funika, usipitishe dakika 30. Hapo bado yana zaidi ya nyuzi 70. Angalia yasikuunguze.

Hatua ya 3: kupima. Maji kwanza, unga baadaye. Ukianza na unga, kipimo cha maji kitakuwa cha uongo. Soma kopo lako: mengi husema kijiko 1 kwa mililita 30, lakini mengine ni kijiko 1 kwa mililita 60, kwa hiyo usiazime kijiko cha kopo la jirani. Kijiko kisishindiliwe wala kisiwe na kilima. Pitisha mgongo wa kisu safi juu yake kikae sawa.

Hapa ndipo nataka tuelewane. Kopo ni ghali, na ninajua wanaolirefusha: kijiko kimoja mahali pa viwili, mtoto anashiba maji. Anakojoa vizuri, halii sana, na uzito haupandi. Maji yakizidi sana chumvi ya mwilini hushuka, na mtoto anaweza kupata degedege. Kuzidisha unga ili "alale fofofo" nako kunamkausha maji na kumfunga choo.

Hatua ya 4: kupoza. Funika chombo, kisimamishe kwenye beseni la maji baridi, maji ya beseni yasifike mdomoni. Dondoshea tone ndani ya kiwiko cha mkono. Ukilisikia vuguvugu, tayari.

Hatua ya 5: kumnywesha. Mkalishe wima kidogo mapajani, kikombe kiguse mdomo wa chini, maziwa yafike midomoni tu, alambe mwenyewe. Usimmiminie. Akigeuza uso, ameshiba. Mweke begani abeue.

Hatua ya 6: kilichobaki kinamwagwa. Saa 2 tangu ulipochanganya, basi. Inauma, najua, ndiyo maana naanza na kidogo kisha naongeza.

Kopo likishafunguliwa, lifunike vizuri, likae pakavu, litumike ndani ya mwezi 1. Andika tarehe kwa kalamu juu ya mfuniko.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Mama Nasra, Ujiji: Kopo langu limeandikwa maji yapozwe hadi nyuzi 40. Nifuate lipi?

Jibu: Makopo mengi yameandikwa hivyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo (FAO) wa mwaka 2007 unasema yasipungue 70. Baadhi ya vitamini hupungua kidogo kwa moto huo, lakini bakteria ni hatari kubwa zaidi, hasa kwa aliye chini ya miezi 2, njiti, au mwenye afya dhaifu.

Baba Zawadi, Kasulu: Vidonge vya kutibu maji havitoshi? Mkaa umepanda.

Jibu: Vinatibu maji, baba. Unga havijaugusa.

Mama Pacha, Gungu: Usiku nifanyeje? Siwezi kuwasha jiko saa 8.

Jibu: Najaza chupa ya chai maji yanayotokota saa 4 usiku, pomoni. Niliazima kipimajoto kwa jirani muoka keki, saa 8 bado yalikuwa juu ya 70. Pima na yako, chupa hazilingani. Maziwa yenyewe usiyachanganye ukayatia humo, yataharibika.

Mama Pacha tena: Na unga umebaki wa siku mbili, mshahara wiki ijayo. Niwape uji mwepesi? Wana miezi 3, usiku bado wananyonya kidogo.

Jibu: Usiwape uji. Umesema bado wananyonya kidogo usiku: waweke titi mara nyingi iwezekanavyo, mchana na usiku, maziwa huongezeka kwa kunyonywa. Na kesho asubuhi nenda kliniki ya mama na mtoto, usingoje unga uishe. Nitumie ujumbe pembeni.

Asiyetaka jina: Nina VVU, naogopa kunyonyesha. Kopo si salama zaidi?

Jibu: Dada, kwa anayemeza ARV vizuri, ushauri wa sasa ni kunyonyesha maziwa ya mama matupu miezi 6 ya mwanzo. Ongea na wa CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, kabla ya kubadilisha chochote.

Bibi Mwajuma: Sisi tuliwalea kwa maziwa ya ng'ombe, wakakua.

Jibu: Shikamoo bibi. Chini ya mwaka 1 yana madini ya chuma machache na yanazilemea figo. Waliokua tunawaona, wengine hatukujua kilichowapata.

Mama Nasra: Akiharisha licha ya yote haya?

Jibu: Mtoto mchanga hasubiriwi. Ukiona utosi umebonyea, hakojoi, ana homa, analegea au anakataa kunywa, nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo, na ubebe kopo wakaone kipimo unachotumia. Mimi nililisahau nyumbani, nikarudishwa kulichukua.