Kutengeneza picha ya zamani iliyopasuka bila kumpoteza aliye pichani

Kijana mmoja aliingia steshenari kwangu, bibi yake nyuma yake. Alikuwa ameipiga kwa simu picha pekee iliyobaki ya mama yake bibi, akaipitisha kwenye programu ya akili mnemba, ikatoka ngozi nyororo, macho yanang'aa. Bibi alikuwa ameshaiona nyumbani. Pale dukani akaitazama tena, akamrudishia simu. "Mzuri, mjukuu wangu, lakini simjui."

Programu ile haikusafisha kitu. Palipokuwa na ufa ilichora uso mwingine. Ninaeleza hapa jinsi nilivyoitengeneza picha hiyo kwa mkono, kwa kutumia GIMP, programu ya kuhariri picha, ambayo ni ya bure na kompyuta ya kawaida inaimudu.

Kabla ya kuwasha kompyuta

Ilikuwa picha ya studio, nyeusi na nyeupe, ukubwa wa postikadi. Mwanamke amesimama mbele ya pazia lililochorwa minazi, amejitanda kanga. Ufa unashuka kutoka juu hadi kwenye jicho la kushoto, doa la maji limetanda begani, kona moja imeliwa na wadudu. Na yote imegandia kioo cha fremu.

Picha iliyogandia kioo usiibandue. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilibandua moja, na shavu la marehemu likabaki kwenye kioo. Sikuweza kulirudisha. Picha hizi zimebebwa na utando wa jelatini. Unyevu wa Pwani huulainisha, ukikauka unashika kama gundi. Futa kioo upande wa nje tu, kisha skani picha ikiwa humo humo. Skana nyembamba za bei nafuu hazioni vizuri kitu kilichoinuka, kwa hiyo picha ikitoka hafifu, ipige kwa kamera karibu na dirisha, kivulini, bila flashi.

Kama picha iko huru, ondoa vumbi kwa brashi laini iliyo kavu. Maji na spiriti viweke mbali. Ukungu usiusugue, utauondoa kwenye skrini.

Hatua ya 1: Skani kubwa, na kwa rangi

Weka nukta 600 kwa inchi. Kwa picha ndogo ya pasipoti weka 1200. Chagua rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe (sababu inakuja), kina cha rangi biti 16, na uhifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. Picha ya sentimita 9 kwa 14 itakupa faili la megabaiti 42 hivi. Usilionee uchoyo. Kwa kipimo hicho ufa wa milimita 1 una upana wa pikseli 24, nafasi ya kutosha kufanya kazi kwa utulivu. Faili hilo la kwanza usiliguse tena, fanyia kazi nakala.

Hatua ya 2: Doa

Doa la maji kwa kawaida ni la manjano au kahawia. Rangi hizo hunyonya mwanga wa buluu na kuuachia mwekundu. Kwa hiyo ukiigawa picha katika rangi zake tatu, kwa amri ya Decompose iliyo ndani ya menyu ya Colors, utaona doa limekolea kwenye tabaka (layer) la buluu na karibu limetoweka kwenye jekundu. Baki na jekundu, futa mengine. Bega la mama yule lilisafika kabla sijashika brashi.

Angalia kwanza, lakini: studio nyingi zilipaka rangi kwa mkono midomoni, mashavuni au kwenye nguo. Picha ya namna hiyo usiifanyie hivi, utafuta kazi ya fundi aliyetangulia.

Kisha rekebisha weusi na weupe kidogo. Weusi ukizidi, mikunjo ya nguo inapotea.

Hatua ya 3: Pazia na kanga

Rudufu tabaka, na ufanye kazi kwenye tabaka la juu. Chombo chenye alama ya muhuri, herufi C, kinanakili sehemu kama ilivyo. Chenye alama ya plasta, herufi H, kinanakili na kulinganisha na rangi ya jirani. Vyote viwili, shikilia Ctrl na ubofye pale unapochota.

Kanga inakusaidia sana, kwa kuwa pindo lake linajirudia. Kona iliyoliwa niliijaza kwa muhuri, nikichota ua lile lile la pindo kutoka upande wa pili. Jina la kanga ni jambo jingine. Herufi zikiwa zimeliwa, usikisie maneno. Mwanamke huchagua kanga kwa jina lake, na huwezi kumvalisha ujumbe ambao hakuuvaa. Niliacha pengo.

Hatua ya 4: Uso

Hapa ndipo ninapokaa saa nyingi. Tumia plasta, brashi pana kidogo kuliko ufa, ukichota kwenye ngozi iliyo kando yake, penye mwanga ule ule. Nenda vipande vifupi. Ufa unapovuka mpaka wa weusi na weupe, kama ukingo wa ushungi au kope, plasta hupaka matope. Hapo badili, shika muhuri.

Wengi hunakili jicho zima na kuligeuza. Mimi sifanyi. Macho ya mtu hayalingani, na kimulimuli cha taa ya studio kitahamia upande usio wake. Nilikuza picha mara 3, nikaunganisha kope kwa kuchota pikseli zilizo juu na chini ya ufa tu. Mboni ilikuwa hai, sikuigusa. Jicho likiwa limetoweka kabisa, ulizia picha nyingine ya mtu huyo. Isipokuwepo, mweleze mwenye picha ukweli.

Juu ya nyusi palikuwa na alama ndogo. Programu ya simu ilikuwa imeifuta. Nilimpigia bibi kumwuliza kama ni doa.

"Hilo ni lake," alisema. "Aliangukia kinu utotoni."

Kwa hiyo uliza kabla ya kufuta. Na kila baada ya dakika chache, zima tabaka la juu utazame sura ya awali.

Hatua ya 5: Kutoa

Hifadhi XCF, faili la GIMP lenyewe, yenye matabaka yote, kisha TIFF ya kuchapa. Kwa nukta 300 kwa inchi utapata picha kubwa mara 2 kwa urefu na upana.

Picha ya asili irudishe kwenye fremu yake, mbali na ukuta wenye unyevu. Iliyo huru iweke kwenye bahasha ya karatasi. Wateja wengi huniomba niilaminishe, na hukataa: joto la mashine linaweza kuiharibu picha, na plastiki ile haitoki tena. Nakala mpya nitailaminisha hata mara kumi.