Kuvaa HANS kama Alivyokusudia Hubbard

Kila ninapomfunga dereva mikanda kabla ya mbio, namkumbuka Robert Hubbard. Profesa huyu wa Chuo Kikuu cha Michigan State ndiye aliyebuni HANS, kola ngumu ya mabegani inayoshikwa na helmeti kwa kamba ili kulinda kichwa na shingo, miaka ya 1980, akishirikiana na shemeji yake, dereva Jim Downing, baada ya dereva Patrick Jacquemart kufa ajalini mwaka 1981. Gari likigonga ukuta, mikanda hushika kiwiliwili, kichwa kinaendelea mbele, na fuvu linaweza kuvunjika pale linapokalia shingo.

Vaa kola juu ya ovaroli, miguu yake miwili ilale kifuani. Helmeti ifuate, kisha mwenzako afunge kamba za kola kwenye vishikizo vya helmeti vya pande zote mbili, avute kila moja kuhakikisha imeshika. Ukishaketi, kaza kwanza mkanda wa nyonga, ukae kwenye mfupa, si tumboni.

Mikanda ya mabega ipite juu ya kola. Hapa ndipo wengi huharibu! HANS haifungwi kwenye kiti. Inashikwa na mikanda hiyo tu. Mmoja ukiteleza pembeni, umevaa pambo.

Geuza kichwa kushoto na kulia. Usipoviona vioo, kamba ni fupi mno. Wanaolalamika kwamba inabana nawaambia hata madereva wa Formula 1 walinuna ilipolazimishwa mwaka 2003, wakazoea.

Kamba ikianza kutoa nyuzi, usiishone. Nunua mpya.