Mbuzi jike wa kununua: namna ya kujua kama amekuja na mimba

Fedha za korosho zikianza kuingia, kuanzia Oktoba hivi, watu wengi wa Masasi, Newala, Tandahimba na Nachingwea hununua mbuzi. Anayetaka kuanza kufuga hutafuta majike, na muuzaji naye huwa na neno lake tayari: "Huyu ana mimba ya miezi mitatu." Hapo bei inapanda. Usiongeze hata shilingi kwa mimba ambayo hujaigusa mwenyewe. Lakini ukishamfikisha nyumbani, mhesabu kuwa ana mimba mpaka ithibitike hana. Mbuzi wetu huchungwa pamoja na madume mwaka mzima, na huku kwetu jike hupata joto, yaani hali ya kutaka dume, msimu wowote, kwa hiyo jike mzima aliyetoka kwenye kundi la namna hiyo mara nyingi ameshapandwa.

Hatua ya 1: Andika tarehe, kisha mtenge

Tarehe aliyoachana na madume ya muuzaji ndiyo msingi wa hesabu yote. Mimba ya mbuzi huchukua siku 150, pengine tano pungufu au tano zaidi. Ukimweka mbali na dume lolote kwako, ikifika siku ya 155 atakuwa ameshazaa kama alikuja na mimba. Ninaposema dume lolote, hesabu na vijidume vya miezi minne. Vinapanda na vinatia mimba.

Kutenga kuna faida ya pili. Sotoka ya mbuzi na kondoo iliingia Newala mwaka 2009 na mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Ugonjwa huo huanza na homa, makamasi, vidonda vya mdomo na kuhara, na wenye mimba huitupa. Kwa hiyo mgeni akae peke yake wiki tatu hadi nne, awe na chombo chake cha maji, na umhudumie baada ya kumaliza wengine.

Hatua ya 2: Muulize muuzaji, mfungue mdomo

Amezaa mara ngapi? Alizaa lini mara ya mwisho? Amepewa dawa gani? Majibu yapokee kwa tahadhari, kisha tazama meno ya mbele ya chini. Mwenye meno mawili makubwa katikati ana mwaka mmoja na kidogo. Mwenye meno manane makubwa amefika miaka minne au zaidi. Ukiambiwa "ameshazaa mara tatu" na mdomoni unaona meno mawili tu, basi na habari ya mimba usiitegemee.

Hatua ya 3: Subiri joto kwa siku 21

Hiki ndicho kipimo kisicho na gharama, na ndicho watu wanachokiruka. Jike asiye na mimba hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe hukaa siku moja hadi moja na nusu. Mtazame asubuhi na jioni: anatikisa mkia bila kupumzika, analia ovyo, uke umevimba na kuwa mwekundu, ute unatoka, hamu ya kula imepungua. Ukiona hayo, karibu ni hakika hana mimba.

Shida ni kwamba bila beberu karibu, dalili huwa hafifu. Chukua kitambaa, kisugue nyuma ya pembe za beberu wa jirani mwenye afya, pale panaponuka zaidi, kifungie kwenye kopo lenye mfuniko. Kila siku mfungulie jike anuse. Aliye kwenye joto atang'ang'ania kopo na mkia utaanza kwenda. Asiye kwenye joto atanusa na kuondoka.

Asipoonyesha joto, usishangilie bado. Mbuzi aliyekonda, mwenye minyoo, au anayenyonyesha anaweza kukaa bila joto. Sogea hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Tumbo, kwa mkono na si kwa macho

Tumbo kubwa ndiyo dalili inayodanganya kuliko zote. Upande wa kushoto wa mbuzi ni tumbo la chakula. Likijaa majani huvimba mpaka mtu akaapa kuna mapacha. Minyoo nayo humpa mbuzi tumbo la kuning'inia huku mgongo ukibaki mifupa. Vuta chini kope ya jicho: ikiwa nyeupe badala ya nyekundu, au kuna uvimbe laini chini ya taya, shughulika na minyoo kwanza.

Mimba hukaa zaidi upande wa kulia, chini. Mpime asubuhi kabla hajala. Msimamishe mahali tambarare, mtu mmoja amshike kichwa na amtulize. Wewe chuchumaa upande wake wa kulia, kiganja kimoja kikae chini ya tumbo, mbele kidogo ya kiwele. Inua taratibu, kisha legeza ghafla kidogo bila kuondoa mkono. Rudia, ukisogeza vidole kidogo kulia. Kama mimba imefika miezi mitatu na nusu hivi, utahisi kitu kigumu kinaelea juu na kurudi kugonga vidole, kama embe bichi ndani ya kiroba cha maji. Wakati mwingine mtoto hupiga teke na utalipata kiganjani. Usibonyeze kwa nguvu wala usimlaze chali. Usipohisi kitu, rudia baada ya wiki mbili.

Hatua ya 5: Kiwele

Mtamba, yaani ambaye hajawahi kuzaa, huanza kujenga kiwele kuanzia mwezi wa tatu au wa nne wa mimba, na kwake dalili hii inaaminika. Aliyekwisha kuzaa huweza kukaa na kiwele kilicholegea mpaka wiki za mwisho. Usikamue kuangalia kama kuna maziwa: unafungua tundu la chuchu kwa vijidudu, na dang'a, yaani maziwa ya kwanza, ni ya mtoto.

Siku moja au mbili kabla ya kuzaa, kano mbili zilizo kando ya shina la mkia hulegea mpaka usizihisi tena. Kiwele hukaza na kung'aa, na uke hurefuka.

Hatua ya 6: Dawa na chakula, hata kama bado huna uhakika

Hapa ndipo mimba nyingi za mbuzi wa kununua zinapotea. Mtu anafika na mbuzi wake na siku hiyohiyo anamnywesha dawa ya minyoo ya albendazoli, ambayo haifai katika mwezi wa kwanza wa mimba kwa sababu inaharibu kiumbe. Kwa kuwa hujui mwezi wake, iache, umwombe mtaalamu dawa nyingine. Sindano ya deksamethasoni inaweza kumfanya mwenye mimba kubwa azae kabla ya wakati, na zile za kuleta joto hutoa mimba ya umri wowote. Kabla bomba la sindano halijatoka mfukoni, sema: "Huyu huenda ana mimba."

Wiki sita za mwisho ndipo mtoto anapokua zaidi. Ongeza pumba za mahindi, mashudu ya ufuta, majani ya mbaazi. Majani ya mihogo yanyaushwe kwanza. Mabibo mpe machache tu. Akijishindilia, tumbo linachachuka na mimba iko hatarini.

Akitupa mimba, usishike kitoto wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu, kwani ugonjwa wa kutupa mimba humwambukiza na binadamu. Vaa glovu au mfuko wa plastiki, muite afisa mifugo wa kata kabla hujafukia ili sampuli ipelekwe Mtwara kwenye maabara ya TVLA, yaani Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, na maziwa ya nyumbani yachemshwe.

Siku ya 155 ikipita

Kama tumbo ni dogo na ameshaonyesha joto, mpeleke kwa beberu. Kama tumbo ni kubwa, hujawahi kuhisi kitu kigumu, na joto hakuna, inaweza kuwa mimba ya maji: mfuko wa uzazi umejaa maji na mtoto hayumo. Tafuta daktari wa mifugo mwenye mashine ya utrasaundi athibitishe; ikiwa ndivyo, ile sindano ya kuleta joto tuliyoikwepa siku zote ndiyo atakayomchoma, maji yatoke, kisha jike arudi kwenye joto.