Linda mifupa kuanzia kwenye tuta la mboga

Mboga za majani zina vitamini C, karotini na antioksidanti nyingine zinazopunguza makali ya chembe haribifu mwilini. Lakini jani hilohilo hufyonza kadimiamu, metali yenye sumu, kutoka udongoni zaidi kuliko tunda. Kwa hiyo tusianzie kwenye sahani, tuanzie shambani.

Risasi, metali nyingine yenye sumu (kwa Kiingereza lead), huingia mwilini kwa njia za kalsiamu. Kwa mtu mzima, zaidi ya asilimia 90 ya risasi iliyomo mwilini hukaa mifupani, miaka na miaka. Mama anapokuwa mjamzito au ananyonyesha, mifupa yake hutoa kalsiamu, na risasi hutoka nayo ikamfikia mtoto. Hili linaniuma kuliko yote. Kadimiamu nayo huharibu figo; vitamini D na kalsiamu zikivurugika, mifupa hulainika. Ndivyo ilivyowapata watu wa bonde la Mto Jinzu, Japani, ambako maji ya mgodi yalichafua mashamba ya mpunga. Waliuita ugonjwa huo itai-itai, yaani "inauma, inauma". Mwaka 1968 serikali ilikiri kwamba kadimiamu ndiyo chanzo.

Katika majaribio ya wanyama, vitamini C, vitamini E na madini ya seleniamu zimepunguza madhara ya metali hizi. Ni kinga ya kusaidia, si dawa ya kuzitoa mfupani. Kalsiamu na madini ya chuma ya kutosha ni muhimu vilevile, kwani mwenye upungufu wa chuma hufyonza kadimiamu zaidi.

Sasa udongo. Chota sampuli sehemu kumi au zaidi, kina cha sentimita 15 hadi 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, upeleke maabara. Udongo wenye tindikali huachia kadimiamu kwa urahisi. Weka chokaa ya kilimo hadi pH (kipimo cha tindikali ya udongo) ifike 6.5 hivi, ongeza mboji. Mbolea za fosfeti huweza kuwa na kadimiamu, basi usizidishe kipimo. Maji taka ya viwandani usimwagilie kabisa.

Wakati wa kuosha, fungua shina la jani pale chini linapokunjika, usugue kwa kidole gumba: vumbi lenye risasi hujificha hapo. Menya mizizi. Kadimiamu iliyokwisha ingia ndani ya jani haioshwi. Vipimo vikionyesha metali nyingi, hamishia mboga kwenye matuta yaliyoinuliwa yenye udongo safi, pale pa zamani upande miti ya matunda.