Kamera ya nyumbani ifunge pale sura inapopita

Nafunga kamera hapa Kigoma, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, na kosa ninalolikuta kila mara ni kamera kupachikwa juu kabisa, chini ya paa, eti ione uwanja wote. Mwizi akija unaona kofia na mabega. Ifunge mita mbili na nusu toka chini, ielekee getini, pale mtu anaposimama kubisha hodi.

Kabla ya kutoboa ukuta, iwashe, ishike kwa mkono, mwenzio aangalie picha kwenye simu. Ikionyesha ua wa jirani, geuza. Kuna moja niliifunga Ujiji, kesho yake bibi wa nyumba ya pili akaniita: "Mwanangu, hilo jicho lako linatazama bafu langu." Bafu lenyewe la matete, halina paa. Nilirudi na ngazi siku ile ile, nikaigeuza, nikamwomba aje aangalie kwenye skrini mwenyewe mpaka aridhike. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, lakini mimi namkumbuka yule bibi zaidi.

Usinunue waya mwembamba. Kamera itafanya kazi mchana vizuri, giza likiingia inazima na kuwaka. Usiku taa za infraredi, zile za mwanga usioonekana zinazoisaidia kamera kuona gizani, zinavuta umeme zaidi, na zile volti 12 za adapta zimeshapungua njiani. Sogeza adapta karibu na kamera, au nunua waya mnene wa shaba.

Kamera nne zenye ubora wa picha wa 1080p zikirekodi mfululizo, megabiti 2 kwa sekunde kila moja, hujaza diski ya terabaiti 1 kwa siku kumi na moja hivi, kisha picha za zamani zinafutwa. Ukiibiwa, nakili mapema. Na angalia saa ya DVR, kile kisanduku kinachorekodi picha, kila umeme unapokatika: mteja wangu muuza dagaa alipeleka polisi picha safi kabisa ya mwizi, tarehe inasoma Januari 2000. Kibetri cha ndani kilikuwa kimekufa.

Nywila ya kiwandani ibadilishe siku hiyo hiyo, na fundi asiijue mpya.

Kila Jumamosi toa utando wa buibui. Taa ya barazani inavuta wadudu, buibui anawafuata, na infraredi ikigonga utando picha nzima inakuwa nyeupe. Pembeni tumia ufagio wa njiti za mchikichi. Kioo kifute kwa kitambaa laini kilicholowa kidogo.