Kufungua na kutengeneza kisanduku cha geji cha Toyota Hilux ya zamani

Mshale wa mafuta unapolala kwenye E ilhali tangi limejazwa asubuhi hiyo hiyo, mkono hukimbilia bisibisi, na dashibodi hufunguliwa kabla hakijapimwa chochote. Katika Hilux za kizazi cha tano, zile zilizoundwa kuanzia 1988 hadi 1997, ubovu mara nyingi hauko nyuma ya kioo cha geji hata kidogo: uko kwenye boya la tangi (kifaa kinachoelea ndani yake na kupima kiasi cha mafuta), kwenye waya wa athi (unaounganisha umeme na bodi ya gari) ulioshika kutu, au kwenye fyuzi. Kwa hiyo kazi hii huanzia chini ya gari.

Chomoa soketi ya boya kwenye tangi, kisha washa swichi bila kuwasha injini. Mshale unapaswa kubaki kwenye E. Sasa chukua balbu ndogo ya wati 3.4, uiunganishe kati ya waya wa geji na bodi ya gari, halafu subiri, kwa sababu geji za aina hii hupanda taratibu. Mshale ukipanda kuelekea F, geji ni nzima na hakuna sababu ya kugusa dashibodi. Lipime boya lenyewe kwa mita, nalo linapaswa kuonyesha takriban ohm 110 tangi likiwa tupu na takriban ohm 3 likiwa limejaa. Usiunganishe waya huo na bodi moja kwa moja bila balbu, kwani ndani ya geji mna waya mwembamba unaoweza kuungua. Geji ya joto la maji hupimwa kwa njia hiyo hiyo kwenye kihisi cha injini. Ikiwa geji ya mafuta na ya joto zinakosea kwa wakati mmoja na kwa namna moja, usihangaike na boya wala kihisi: shuku athi ya dashibodi, au kile kidhibiti kinachozipa volti zisizobadilika, ambacho katika geji nyingi za Toyota za umri huu kimefichwa ndani ya geji ya mafuta.

Ukishathibitisha kwamba ubovu uko ndani, ondoa kwanza waya hasi wa betri na uandike kilomita zinazosomeka. Shusha usukani ikiwa unashuka, kisha fungua skrubu za fremu inayozunguka geji. Idadi yake hutofautiana kulingana na toleo la gari, na baadhi hujificha chini ya ukingo wa juu, hivyo fremu ikikataa kutoka usiivute kwa nguvu. Plastiki iliyochomwa na jua kwa miaka thelathini huvunjika kama biskuti. Chomoa soketi za swichi zilizo kwenye fremu, fungua skrubu za pembeni zinazoshika kisanduku chenyewe, yaani kasha lililobeba geji zote, kisha kivute kwako sentimita chache tu. Hapo kitakwama, kwa kuwa kebo ya spidi bado imekishika kwa nyuma. Pitisha mkono, bonyeza ulimi wa plastiki ulio kwenye shingo ya kebo, na uivute. Kama mkono haufiki, nenda upande wa injini, sukuma kebo kidogo iingie ndani kupitia mpira wake ukutani, nawe utapata nafasi. Soketi za umeme hutolewa mwisho, kwa kubonyeza kufuli zake na kushika soketi yenyewe, kamwe si kuvuta nyaya.

Nyuma ya kisanduku utaona karatasi laini ya plastiki yenye njia za shaba, na hapo ndipo penye ubovu mwingi. Skrubu au nati zinazoshika kila geji ndizo pia zinazopitisha umeme kutoka kwenye karatasi hiyo, kwa hiyo nati iliyolegea au yenye kutu inatosha kuua geji nzima. Zifungue moja moja, safisha shaba kwa ufutio wa penseli, pangusa kwa spiriti, kisha kaza kwa kiasi. Njia ya shaba iliyokatika unaweza kuiunga kwa lehemu, lakini plastiki hiyo huyeyuka upesi. Mimi hupendelea kupitisha waya mwembamba kutoka nati moja hadi nyingine, wenye pete ndogo kila ncha, na kuiacha karatasi bila moto. Haina urembo, ila hudumu.

Balbu hutoka pamoja na vishikio vyake kwa kuvizungusha robo duara. Badilisha zote za mwanga wakati kisanduku kiko mezani. Ukiweka za LED, kumbuka kwamba zina upande wa chanya na wa hasi; isiyowaka igeuze kabla ya kuitupa. Ile ya taa ya chaji iache iwe balbu ya kawaida, kwa sababu mkondo unaopita humo ni sehemu ya saketi ya alternata, ile mashine inayochaji betri.

Mshale wa spidi unaorukaruka kwa kawaida ni kebo kavu au iliyopinda mno. Toa uzi wa ndani, usafishe, uupake grisi nyepesi, lakini acha sentimita kumi za juu bila grisi, la sivyo itapanda hadi ndani ya spidimita na kunatisha kikombe cha alumini kinachovutwa na sumaku. Spidimita za Kijapani hufuata mizunguko 637 kwa kilomita, hivyo drili inayoizungusha kwa kasi ya mizunguko 637 kwa dakika, kwa upande ulio sahihi, inapaswa kuonyesha kilomita 60 kwa saa. Mshale wenyewe usiung'oe.

Baadhi ya Hilux za dizeli zina taa ya mkanda wa taimingi (mkanda unaoendesha vali za injini kwa wakati wake), nayo huwaka kila baada ya kilomita 100,000. Katika baadhi ya visanduku huzimwa kwa kuhamisha skrubu moja ya nyuma kutoka tundu moja hadi jingine, kwa hiyo piga picha ya skrubu zote kabla ya kuanza. Ukikuta balbu ya taa hiyo imeondolewa, usidhani ni bahati mbaya: kuna aliyetaka kuiuza gari bila kubadilisha mkanda, na mkanda ukikatika kwenye injini hizi vali hugongana na pistoni.

Kabla ya kurudisha skrubu zozote, chomeka soketi, rudisha waya wa betri na uwashe swichi. Taa za oili, chaji na breki ya mkono ziwake. Injini ikiwaka, ya oili na ya chaji zizimike. Subiri dakika mbili mshale wa mafuta utulie, kisha zima, chomeka kebo ya spidi hadi usikie ulimi wake ukilia, na ndipo ufunge fremu.